Siku ya usaili: watu watano, kiti kimoja cha Meneja Masoko

Saa 10:45 alfajiri

Juni hapa Dodoma ni mwezi wa upepo. Niliamka bati za jirani zikigonga, nikajifunika kanga ya pili, nikakaa mezani na karatasi za alama nilizokuwa nimezichapa jana jioni. Nakala ishirini: wasaili wanne, wasailiwa watano. Nilizihesabu mara mbili, maana siku ya usaili sitaki mtu atoke nje kutafuta fotokopi huku mgeni amekaa mbele yetu anatutazama.

Kazi yangu ni rasilimali watu, katika kiwanda cha kukamua na kufungasha mafuta ya alizeti, Kizota. Meneja Masoko wetu aliondoka Aprili. Tulitangaza nafasi, tukapata maombi 64. Kabla ya kuwapa wasaili wenzangu, msaidizi wangu alifuta majina, picha, dini, kabila na tarehe za kuzaliwa, kila mmoja akabaki na namba. Kwa hiyo hata humu nitawaita kwa namba: 8, 19, 27, 41 na 53. Hao ndio waliobaki.

Kwa nini najitesa hivi? Miaka kadhaa nyuma, mahali pengine nilipofanya kazi, nilikuwa kwenye jopo lililomchagua mtu kwa dakika ishirini za maongezi matamu. Alijua kusema. Tulicheka naye, tukatoka tumeridhika, tukamwandikia barua ya ajira wiki hiyohiyo. Baada ya mwaka na kidogo stoo ilikuwa imejaa mzigo unaokaribia kuisha muda, na mikataba ya vijana kumi na wawili wa mauzo haikuongezwa. Wao ndio walioondoka wa kwanza. Mmoja wao ana duka la vocha siku hizi, nikipita ananisalimia vizuri tu. Ile salamu yake ndiyo inayoniamsha saa 10 siku kama ya leo.

Saa 1:10 asubuhi

Nilifika Kizota kwa bodaboda kutoka Nkuhungu. Mzee wa getini nilimwamkia, nikamwachia orodha ya watu watano na ombi moja: kila atakayefika aonyeshwe sehemu ileile ya kukaa na apewe maji.

Meneja Mauzo wetu alipenda tumuulize mlinzi baadaye nani alimsalimia vizuri na nani alipita kama hamwoni. Najua ofisi nyingi zinafanya hivyo na zinajisifu. Nilikataa. Mtu aliyeshuka kwenye basi amechoka, au ana wasiwasi mpaka hasikii anachoambiwa, anaweza kumpita mtu bila kudharau. Kama tunataka kujua mtu anaishije na walio chini yake, tuwapigie waliowahi kuwa chini yake. Hilo lina uzito zaidi ya sekunde tano za getini.

Saa 1:40

Kikao cha jopo. Tulikuwa wanne: Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye kiwanda na sote tunamwita Mzee; Meneja Mauzo; mimi; na mwalimu mstaafu aliyefundisha masoko kwa miaka mingi, tuliyemwalika kutoka nje ili awepo angalau mtu mmoja asiyetujua wala kutuhitaji.

Kabla hatujafungua mafaili Mzee alisema, "Mama, jana usiku nimepigiwa simu. Kuna kijana kati ya hawa, mtu mmoja mkubwa anaomba tumwangalie."

Huyo ni mtu tunayemheshimu wote. Vimemo vya namna hii havijaanza leo, na siku hizi haviji kwa karatasi tena, vinakuja kwa simu ya usiku. Nilimshukuru Mzee kwa kulisema mbele ya jopo, kwa sababu kimemo kinachouma ni kile kinachofichwa. Tukaliandika kwenye kumbukumbu za kikao: simu imepigwa, namba 41 ametajwa, jopo limekubaliana atapimwa kama wengine. Mwalimu akaongeza neno ambalo mimi nilikuwa nimelisahau: "Na asiadhibiwe pia. Huenda hata hajui kama amepigiwa simu."

Kisha nikawaomba mambo mawili. Kwanza, maswali ni yaleyale kwa wote, kwa mpangilio uleule, na ufuatiliaji uwe wa kumfanya mtu afafanue, si wa kumsaidia wala kumtega. Pili, kila mtu aandike alama zake na sababu kabla hajafungua mdomo kwa mwenzake. Mzee aliguna, maana alishazoea kumtazama mtu machoni na kuamua. Nikamweleza kwa ufupi. Mwaka 1998 watafiti Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 kuhusu namna za kuchagua wafanyakazi, na usaili wenye maswali yaliyopangwa ukaupita ule wa maongezi huru katika kutabiri nani atafanya kazi vizuri. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu hizo kwa ukali zaidi. Namba nyingi zilishuka, lakini usaili uliopangwa ndio uliobaki juu. Miaka ya uzoefu peke yake, ile tunayoipigia mstari kwenye matangazo yetu ya kazi, ilionekana kusema kidogo sana.

Na kuandika kabla ya kuongea? Hiyo ni kwa ajili yetu sisi. Tangu mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha jinsi sifa moja nzuri ya mtu inavyozipaka rangi sifa zake nyingine zote. Akiwa mtanashati, tunamwona na akili. Akiongea vizuri, tunamwona mwaminifu. Mzee akisema wa kwanza "huyu kijana safi," nani kati yetu ataandika 9 kati ya 25?

Alikubali. Nampa heshima yake kwa hilo, kiwanda ni chake.

Saa 2:30

Wote watano walikuwa wamefika. Namba 8 alikuja jana kutoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, namba 27 alitoka Kahama kwa basi, 53 Arusha. Nauli na malazi ya wa mbali tulilipa sisi. Nalisisitiza hili kila mwaka kwenye bajeti, kwa sababu mtu asiye na kazi akikopa nauli kuja kusailiwa, hata akishindwa deni linabaki.

Hawakukaa sana. Tuliwapakia kwenye gari la kiwanda kuelekea Soko la Majengo. Kila mmoja alipewa daftari, kalamu na shilingi 10,000, pamoja na maelekezo ya sentensi tatu: una dakika 50, angalia mafuta ya kula yanavyouzwa hapa, ukirudi utaandika ukurasa mmoja unaotueleza umeona nini na ungeanza na nini. Pesa ni yako kutumia utakavyo kwa kazi hii.

Hili zoezi nilililinda kwa nguvu. Tungeweza kuwaomba walete mpango wa masoko kutoka nyumbani, lakini mpango wa nyumbani unaandikwa na rafiki, na mwenye kazi na watoto wadogo anakosa usiku wa kuuandika. Tena sioni haki kumwomba mtu ambaye hujamwajiri akufanyie kazi ya wiki nzima bure. Dakika 50 sokoni, mbele ya macho yetu, wote kwa pamoja, zinatosha.

Saa 3:00, Majengo

Nilikaa kwa mama mmoja anayeuza chai na chapati, mbali kidogo. Sikuwapa alama kwa nilichokiona pale, karatasi zao ndizo zingesema. Lakini macho yaliona.

Kwa asiyelijua soko la mafuta: adui wa chupa yetu ya lita moja si chupa ya kiwanda kingine iliyo pembeni yake. Ni dumu la lita 20 lililo chini, na kipimo cha plastiki kinachoning'inia kwenye msumari. Mafuta ya kupima. Mteja anakuja na chupa yake tupu ya maji, anasema "nipe ya mia tano," anapimiwa, anaondoka. Hayo mafuta hayana lebo, na mteja hana namna ya kujua kama yameongezwa vitamini A kama kanuni za nchi zinavyotaka kwa mafuta ya kula ya viwandani tangu mwaka 2011. Muuza chipsi naye ananunua dumu zima. Anayebaki kwenye rafu ya chupa ni mtumishi anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, na hata yeye tarehe 20 utamkuta kwenye kipimo.

Namba 8 alizunguka haraka, anapiga picha za mabango na rafu. Namba 53 aliuliza bei duka kwa duka na kuziandika kwa mwandiko mzuri. Namba 41 alinunua chupa tatu za viwanda tofauti, akazigeuza kusoma lebo. Namba 19 alikuwa anasalimiwa kila kona: ni msimamizi wetu wa mauzo, ana miaka sita kwetu, nusu ya wale wenye maduka wana namba yake ya simu.

Namba 27 alinunua mafuta ya shilingi 500 kwenye chupa aliyookota kwa muuza maji, kisha akasimama mbele ya duka moja la jumla na rejareja. Hakuondoka. Alikuwa mjamzito, tumbo linaonekana. Baada ya muda nilimwona namba 19 akimwomba mwenye duka kiti, akamletea dada wa watu akae. Alikaa, akaendelea kuandika vijistari kwenye daftari. Nikapenda alivyofanya namba 19. Hakujua kama kuna mtu anamtazama.

Saa 4:50

Karatasi zilikusanywa zote kwa wakati mmoja, ili anayeingia wa mwisho asipate saa nne za ziada za kuandika. Waliokota vikaratasi kupanga nani aingie lini.

Hapo nikakuta mmoja wa wasaili amepiga picha wasifu wa mtu na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la jopo. Nilimwomba aufute, kwake na kundini, tukiwa wote tunaona. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, Mei 2023, hili si suala la adabu tu. Kwenye wasifu mna namba za simu, mtaa, majina ya wadhamini, mishahara ya zamani. Mtu alituma maombi ya kazi kwetu, hakuyatuma kwa simu nne za watu.

Saa 5:00 hadi 6:30

Namba 53 aliingia wa kwanza. Ametoka kwenye utalii, anaandika vizuri kuliko sote, lakini bidhaa ya dukani hajawahi kuishika. Alisema hivyo mwenyewe bila kuzungukazunguka.

Namba 8 alifuata. Miaka 12, kampuni kubwa, Kiingereza kinachotiririka. Nilimwona Mzee akisogeza kiti mbele. Swali la kwanza lilikuwa: tueleze bidhaa moja uliyoiingiza sokoni ikashindwa, ulifanya nini wewe, na namba zilikuwaje. Alieleza kampeni kubwa yenye matamasha na wasanii. Kila sentensi ilikuwa "tuli": tulizindua, tulifikia, tuliongeza. Mwalimu akamuuliza kwa upole, "Katika hayo, uamuzi wako ulikuwa upi?" Akarudi kwenye tuli. Mwalimu akauliza tena kwa maneno mengine. Tuli. Sikumwona kama mtu mwongo. Nadhani amekaa miaka mingi ndani ya mashine kubwa, na mashine kubwa haikuonyeshi mkono wako uligusa wapi.

Swali la pili ndilo lililokuwa na mfupa. Tuliwapa jedwali la miezi sita: katoni zilizoondoka kiwandani kwenda kwa mawakala wa mikoa mitatu, na idadi ya maduka yaliyoagiza tena. Kwenye mkoa mmoja katoni zimepanda kila mwezi, maduka yanayorudia kuagiza yanapungua. Tukauliza: mkoa gani unakupa wasiwasi? Ukitazama haraka utasema ule wenye katoni chache. Aliyewahi kuumia atajua mzigo unalala kwenye stoo ya wakala, ameupokea kwa sababu ya bonasi, na mwezi wa saba atakupigia simu uuchukue. Kuuza kwa wakala si kuuza kwa mlaji. Kilichoniondolea wale vijana kumi na wawili kilikuwa hichohicho.

Namba 8 alichagua mkoa wenye katoni chache na akapendekeza matangazo mtandaoni. Alieleza vizuri sana namna ya kuyafanya, hapo nilimpa alama zake zote, kuna mambo nilijifunza.

Saa 6:40

Namba 41, kijana wa kimemo. Miaka minne ya kazi. Alitazama jedwali kimya, akaomba kikokotoo, akaweka kidole penyewe: "Huu mkoa unanitisha." Lilipofika suala la kuongoza timu ya watu tisa alisema hajawahi kuongoza zaidi ya wawili. Hakuna alipotaja jina la mtu yeyote mkubwa, na alipotoka niliona Mwalimu ananitazama. Kama tungempa nafasi kwa ile simu, tungemwangusha. Kama tungemkata kwa ile simu, tungepoteza kijana mzuri. Nimeandika pembeni: tuna nafasi ya ofisa masoko kwenye bajeti ijayo.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage na mchicha kwa mama lishe anayetulisha kiwandani. Wasailiwa walikula chakula kilekile, meza nyingine. Mzee alitaka kuanza kuzungumzia namba 8, nikamwomba tule kwanza.

Saa 8:15

Namba 27. Aliingia, akatuamkia, akakaa taratibu. Mzee, kwa nia ya baba kabisa, akaanza, "Sasa mama, na hiyo hali yako, utaweza kweli safari za..."

Nilimkatiza. Nimefanya kazi naye miaka mitano na sijawahi kumkatiza mbele ya wageni. Nikasema, "Mzee samahani, swali hilo halimo." Chumba kilikaa kimya kidogo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kumbagua mtu kazini kwa ujauzito, na kinagusa hata hatua za kuajiri, kabla mtu hajawa mfanyakazi wako. Lakini ukweli ni kwamba wakati ule sikuwa nawaza kifungu. Nilikuwa nawaza usaili wangu mmoja wa zamani, nilipoulizwa kama mume wangu ananiruhusu kusafiri, nikajibu huku natabasamu, nikalia ndani ya daladala.

Alianza kujibu kwa Kiingereza. Alikuwa anatafuta maneno, sentensi inakatika katikati. Mwalimu akamwambia, "Hapa unaweza kutumia Kiswahili, mama. Tumewaambia wote." Ni kweli, ilikuwa kwenye maelekezo ya asubuhi, ila watu hawaamini. Wanadhani ni mtego. Miaka yote wamezoezwa kwamba kwenye usaili Kiingereza ndicho kipimo cha akili, wakati wakala wa Kahama, mama wa Bahi na muuza chipsi wa Chang'ombe wote watauziwa mafuta kwa Kiswahili, wengine kwa Kigogo. Barua kwa wateja wa nje ya nchi wanaonunua mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, ataandika, Kiingereza chake cha kuandika tulikiona kwenye maombi na kinatosha.

Alipogeuza lugha akawa mtu mwingine. Bidhaa iliyoshindwa: sabuni ya unga ya kilo moja, aliyoing'ang'ania mwenyewe dhidi ya ushauri wa vijana wake. Alitaja katoni ngapi zilirudi. Alitaja alichokosea: aliwauliza mawakala kama itauzika, hakuwauliza wanaofua. Kwenye jedwali alicheka kidogo, "Hii nimeiishi," akaeleza jinsi alivyokaa na wakala mmoja siku mbili stoo wakihesabu katoni moja moja, kisha akabadilisha bonasi ifuate maduka yanayorudia kuagiza.

Ukurasa wake wa sokoni ulikuwa na mistari michache tu. Wateja 26 walikuja kununua mafuta alipokuwa amesimama pale. Kati yao 19 walikuja na chombo chao. Wengi walinunua ya 500 au ya 1,000. Alichoanza nacho: mafuta yetu yawe na pakiti ndogo inayolingana na shilingi hizo, na duka lipate faida ileile linayopata kwenye kipimo, la sivyo mwenye duka ataificha chini ya meza. Bajeti ya mfano ya shilingi milioni 40 tuliyowapa wote waigawe, yeye aliigawa kwa mtindo huohuo: maduka na minada kwanza, Msalato siku ya Jumamosi, Nanenane pale Nzuguni, redio za mkoa, na mabango mwisho kabisa.

Swali la nne tuliwauliza wote: bosi wako anataka lebo iandikwe "yanatibu presha," utafanyaje? Wote walisema hawatakubali. Yeye alimtazama Mzee akasema, "Nitakuja ofisini kwako, Mzee, mlango umefungwa, nikwambie hatuna ushahidi huo na TBS wakituuliza hatuna jibu. Halafu nitakuletea maneno mengine yanayouza na ni ya kweli." Mzee aliandika kitu kirefu.

Saa 9:05

Namba 19, kijana wetu. Alivaa tai, sijawahi kumwona na tai. Alijua majina ya mawakala wote kwenye jedwali hata kabla hatujamwambia mikoa, alijua na nani ana mzigo uliolala. Hakuna aliyemzidi kwenye swali lile. Lakini alipoulizwa angebadili nini, alitetea kila kitu tulichonacho. Ukurasa wake wa Majengo uliandika uhusiano mzuri na maduka, chupa zetu zinaonekana, tuongeze mabango. Nilisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kumwongezea. Namjua mke wake na watoto wake. Nikaandika 13 kati ya 25 na sababu yake.

Saa 10:10 hadi 11:30

Tulisoma alama kwa sauti, mmoja mmoja, kabla ya mjadala. Wastani wa jumla ya alama: namba 27 alipata 78, namba 19 alipata 73, namba 8 alipata 67, namba 41 alipata 62, namba 53 alipata 57.

Mzee alivua miwani. "Namba 27 ana kichwa, sikatai. Lakini hana mvuto. Namba 8 ukimweka mbele ya watu..."

Mwalimu akamuuliza, mbele ya watu gani. Mzee akafikiri kweli, hakujibu haraka. Akasema mawakala wakubwa. Nikamsomea kile alichokiandika yeye mwenyewe saa 8 na nusu, kwa mkono wake, kuhusu siku mbili za kuhesabu katoni stoo kwa wakala: "Huyu anaweza kukaa na wale wazee." Alichukua ile karatasi akaisoma tena mwenyewe.

Kisha likaja lile lililokuwa limekaa chumbani tangu mchana. Meneja Mauzo alisema kwa sauti ya chini: likizo ya uzazi siku 84, na msimu wa mavuno ndio huu. Nikajibu kwamba siku 84 ni za kisheria na zina mwisho, meneja asiyefaa hana mwisho. Na Aprili mpaka leo tumekaa bila meneja kabisa, mashine hazijasimama. Namba 19 anaweza kukaimu siku hizo, kwa posho ya kukaimu. Na hata kama hesabu ingekuwa mbaya kwetu, bado hatuna ruhusa ya kuitumia dhidi yake. Sikupandisha sauti, ila nilitetemeka mikono, nikaiweka chini ya meza.

Mzee akasaini. Namba 27, baada ya kuwapigia wadhamini wake na watu wawili waliowahi kufanya kazi chini yake, kwa ridhaa yake.

Saa 11:50 jioni

Wasailiwa wa nje walikuwa wameshaondoka, nao watapigiwa simu na mimi mwenyewe ndani ya siku tatu, aliyekosa na aliyepata. Nimewaahidi kila aliyekosa atasikia alikosea wapi akitaka.

Namba 19 hakuondoka. Sikutaka asubiri siku tatu, wala asikie kutoka kwa madereva. Nilimkuta stoo, gari la Manyoni linapakiwa, tai iko mfukoni. Tukasogea pembeni kwenye marobota ya mashudu.

Nilimwambia moja kwa moja. Nikamwambia swali la jedwali alikuwa wa kwanza. Nikamwambia ukurasa wa soko ndio uliomwangusha.

"Ni yule dada wa Kahama," alisema.

Sikujibu. Karatasi ya mtu ni ya mtu.

Alisimama akiangalia vijana wanavyopanga katoni. "Dada, mimi pale Majengo napita kila wiki. Nilimwona amesimama muda mrefu, nikamwombea kiti." Akanyamaza. "Nilidhani amechoka."

Dereva wa Manyoni akaita kutoka kwenye gari, anataka mtu wa kusaini mzigo. Akatoa kalamu, akaenda, akaanza kuhesabu katoni kutoka mwanzo.